Masuguru hadi Mombasa: Familia iliyovua viatu milangoni mwa wengine

Saa 12 asubuhi, Noah ya familia ilitoka Masuguru ikiwa na watu sita. Mbele walikaa baba na mama. Katikati alikaa bibi mwenye miaka 68, kanga begani, na mjukuu wake wa miaka sita akiwa amemwegemea. Nyuma walikuwa binti wa miaka 13 na kaka yake wa miaka 10, wamebanana na begi la nguo, ndoo ya maandazi, chupa ya chai na kikapu kimoja kikubwa kisicho na kitu.

"Bibi, kikapu cha nini?" aliuliza yule mdogo.

"Cha viatu," bibi alijibu, akafunga mkanda.

Safari ilikuwa ya siku tano, kutoka upande wa Korogwe na Handeni hadi Mombasa na kurudi, bila kukimbizana. Likizo zinapofika, familia nyingi huenda kwa ndugu. Chache hufika ufukweni au mbugani. Hawa walitaka kuona mambo mawili kwa safari moja: misitu na mapango yaliyo njiani, na mahekalu ya Wahindu yaliyo katika miji ya pwani.

Wazo lilitoka kwa yule wa miaka 10. Darasani walifundishwa methali, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Maana aliielewa: mtu usiyempenda anaweza kuwa na kitu kitakachokufaa. Lakini alirudi nyumbani na swali jingine. Baniani ni nani, na kwa nini ni mbaya?

Baba alijibu haraka kwamba ni Wahindi wa zamani, wenye maduka. Mama, ambaye ni mwalimu, akasahihisha kidogo. Mhindi ni mtu wa asili ya India, na Wahindi wengi wa Tanzania ni Waislamu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Baniani ni jina ambalo Waswahili waliwapa hasa wafanyabiashara Wahindu waliotoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India.

Bibi alikuwa kimya, anachambua mchele. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa na rafiki baniani. Hakuwa mbaya."

Rafiki wa barazani

Ili kumwelewa bibi, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Ujenzi wa reli kutoka Tanga kwenda bara ulianza mwaka 1893, na mwaka 1902 treni ikafika Korogwe. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini. Reli na mkonge vilileta vibarua kutoka kila pembe, na palipo na vibarua wanaolipwa mshahara huja duka. Hivyo ndivyo familia za Kihindi zilivyotapakaa kwenye vituo vya reli na njia panda za mkoa wa Tanga, zikiuza vitambaa, mafuta ya taa, chumvi na majembe.

Mama mzazi wa bibi alikuwa akifua nguo katika nyumba ya mwenye duka mmoja Korogwe. Bibi, akiwa mtoto, alimfuata. Barazani alicheza mdako na binti wa mwenye duka, wa rika lake. Jikoni mwa nyumba ile kulikuwa na rafu ndogo yenye picha, taa ya samli na maua. Kila alipokaribia, mama wa rafiki yake alimwonyesha miguu yake kwa kidole: vua ndala kwanza. Alivua. Hakuwahi kujua pale palikuwa na nini.

Mwaka 1967 mashamba makubwa ya mkonge yalitaifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi za Kihindi, hata zile ambazo hazikuguswa moja kwa moja, ziliona mlango unafungwa. Zilianza kuondoka: nyingine Dar es Salaam, nyingine Kenya, nyingine Uingereza na Canada. Bibi alikuwa na miaka 14. Rafiki yake alimpa bangili moja ya kioo, akapanda gari na wazazi wake. Ilisemekana wamekwenda Mombasa. Bangili ilivunjika mwaka uleule.

"Watu watasema nini?"

Familia hii ni ya Kiislamu, na baba hakuficha wasiwasi wake. Msituni sawa. Mapangoni sawa. Lakini kuwaingiza watoto katika nyumba yenye sanamu?

"Mama, watu watasema nini?" alimuuliza bibi usiku mmoja.

"Watasema tu," bibi alisema. "Kuingia nyumba ya mtu si kuhamia, mwanangu."

Wasiwasi wa baba si wake peke yake. Mzazi Mkristo angejiuliza hayo hayo, na mzazi Mhindu anayempeleka mwanawe kutembelea msikiti au kanisa naye hujiuliza. Wazazi hawa wawili walifanya jambo la busara: walikaa wakaandika masharti matatu kabla ya kuweka mafuta kwenye gari. La kwanza, tunatazama na kusalimia, hatuabudu. La pili, swali lolote linaulizwa, lakini si kwa kunyoosha kidole wala kucheka. La tatu, mtoto yeyote akiona moyo wake mzito, anabaki nje na mtu mzima mmoja, na hakuna atakayemsema.

Binti wa miaka 13 aliomba kuongeza la nne: hakuna kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa. Lilipita bila kupingwa.

Iliki ya Amani

Kutoka Segera barabara ya Tanga inapita Hale, ambako maji ya Mto Pangani yamekuwa yakizalisha umeme tangu mwaka 1964. Mkonge umesimama kwa mistari hadi macho yachoke. Watoto walicheza mchezo aliouanzisha mama: kila anayetaja neno la Kiswahili lenye asili ya India anapata andazi. Gari. Pesa. Laki. Bima. Bangili. Chapati. Ndoo ilipungua kabla ya Muheza.

Muheza walinunua machungwa, kisha wakapinda kupanda milima ya Usambara Mashariki. Kutoka Muheza hadi Amani ni kama kilomita 35, lakini ni barabara ya vumbi na kona, na dereva mwenye akili haipandi kwa pupa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997. Kabla ya hapo, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha hapa bustani ya mimea na kuleta miti kutoka sehemu nyingi za dunia ili kuona ipi itakubali udongo wa Afrika.

Katika milima hii ndimo linamoota ua dogo la zambarau ambalo sasa limekaa kwenye madirisha ya nyumba duniani kote. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ulaya, na jina lake likabandikwa kwenye ua. Huku nyumbani linakaa kwenye mawe yenye unyevu, kivulini, na mtoto asiyeonyeshwa atalipita.

Watoto waliona mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka juu ya barabara. Lakini kilichokuja kukumbukwa baadaye ni harufu. Wakulima wa Amani hulima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga chini ya miti mikubwa. Mwongozaji alipasua punje moja ya iliki na kumpa yule mdogo anuse. Akaeleza kwamba asili ya mmea huu ni milima ya kusini mwa India. Umevuka bahari, ukakuta mvua na kivuli kama vya kwao, ukakaa.

"Kama Wahindi," alisema yule wa miaka 10.

Wazazi wakatazamana. Usiku huo walilala Amani, chini ya blanketi nzito.

Mlango wa kwanza ulifungwa

Siku ya pili saa sita mchana walikuwa Tanga mjini, jua la utosi. Katikati ya mji, kwenye mitaa yenye majengo ya zamani ya biashara na baraza zake, Wahindu wa Tanga wana sehemu zao za ibada. Familia ilifika getini. Kufuli.

Mlinzi aliwaeleza kwa upole jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Katika mahekalu mengi, mchana pazia hufungwa. Waumini huitunza sanamu iliyowekwa kwa ibada kama mgeni wa heshima aliyekaa nyumbani: asubuhi huamshwa, huogeshwa, huvikwa nguo, mchana huachwa apumzike, jioni huwashiwa taa. "Njooni saa 12 jioni," alisema. "Semeni hodi, mtafunguliwa."

Mchana ule hawakuupoteza. Walikwenda Amboni, kama kilomita nane kaskazini mwa mji, kwenye barabara hiyohiyo iendayo Horohoro. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa yenye umri wa takriban miaka milioni 150. Kwa vizazi vingi watu walisimuliana kwamba ukiingia huku unatokea Mombasa.

Ndani kuna giza la kweli, la aina ambayo watoto wa umeme na simu hawajawahi kuliona. Popo walipita juu ya vichwa. Bibi hakuingia mbali. Alikaa mlangoni na fimbo yake. Waliofika ndani walionyeshwa sehemu inayoitwa Mzimuni, ambako watu wa imani mbalimbali huja kuomba na kuacha vitu vyao: chupa za marashi, vitambaa, sarafu. Mwongozaji aliwataka wasiguse chochote.

"Kwa hiyo huku nako ni hekaluni?" yule wa miaka 10 aliuliza walipotoka.

Bibi ndiye aliyejibu. Kwao Uziguani, alisema, kila ukoo ulikuwa na msitu wake wa matambiko. Hukati mti, huokoti kuni, huingii na kelele. Misitu ile midogo ndiyo iliyobaki na miti mikubwa wakati mashamba ya jirani yalipofyekwa. "Babu zenu hawakujenga nyumba ya kuombea," alisema. "Waliacha miti."

Taa, kengele na tunda

Jioni walirudi mjini. Viatu kumi na viwili viliingia kikapuni. Mlangoni kulining'inia kengele, na kila muumini aliyeingia aliigonga mara moja. Mzee mmoja wa makamo ya bibi, shati jeupe, Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, aliwakaribisha na kuwaonyesha mahali pa kukaa, nyuma, sakafuni.

Waumini walikuwa wachache, wengi wao wazee. Hili nalo ni sehemu ya hadithi. Vijana wa jumuiya hizi huenda Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo kusoma, na wengi hawarudi. Sakafu ilikuwa safi kiasi cha kuona taa ndani yake.

Mzee aliwaeleza watoto kwa maneno mepesi. Huyu mwenye kichwa cha tembo ni Ganesh, ambaye Wahindu humwomba mwanzoni mwa jambo lolote ili vikwazo viondoke. Huyu mwenye filimbi ni Krishna. Wahindu wengi, alisema, huamini kwamba Mungu ni mmoja na kwamba sura hizi ni njia za kumkaribia. Yule mdogo alitaka kujua kwa nini tembo. Mzee alianza kisa kirefu cha mtoto aliyemzuia baba yake mlangoni kwa sababu hakumfahamu, akakatwa kichwa, kisha akapewa kichwa cha tembo. Watoto walimsikiliza midomo wazi. Kisa cha mtu kuingia bila hodi wanakielewa.

Kisha taa zikawashwa, sinia la moto mdogo likazungushwa mbele ya sanamu, kengele zikalia kwa pamoja. Baba alikaa wima, mikono magotini. Mama alimshika yule mdogo. Hakuna aliyewaambia wainame, na hakuna aliyewatazama.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee aliyevaa sari ya pamba alipita na sahani, akigawa vidonge vitamu vya unga wa dengu na samli. Alimfikia yule mdogo kwanza, akamnyooshea kimoja. Harufu ya iliki ilikuwa ileile ya Amani. Mtoto alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, akamtazama bibi.

Hapa ndipo masharti manne hayakutosha. Kitamu hiki kilikuwa kimewekwa mbele ya sanamu kabla ya kugawiwa. Kwa Wahindu ni baraka, na kwa familia hii ni chakula ambacho dini yao haiwaruhusu. Kukubali kungekuwa kuvunja sharti lao wenyewe. Kukataa kwa uso mkavu kungekuwa kumtupia mwenyeji ukarimu wake.

Bibi aliweka mkono kifuani. "Shikamoo dada. Tumepokea kwa moyo. Dini yetu haituruhusu kula."

Mama mzee aliitikia kwa kichwa, bila kununa hata kidogo. Aliweka sahani pembeni, akafungua mkoba wake, akatoa ndizi tatu alizonunua sokoni jioni ile, akawapa watoto. "Hizi zimetoka sokoni tu," alisema. Akacheka, bibi akacheka.

Wanawake wale wawili walibaki wakizungumza karibu na mlango mpaka mlinzi akaanza kuzungusha funguo. Bibi alitaja jina la mwenye duka wa Korogwe. Mama mzee hakumjua. "Wengi waliondoka," alisema. "Wengine Mombasa, wengine Leicester." Walipoagana alikunja viganja na kusema, "Jay Shri Krishna." Bibi alisimama ghafla. Hayo ndiyo maneno ambayo mama wa rafiki yake alikuwa akiyasema kila asubuhi anapofungua duka, na kwa zaidi ya miaka 50 bibi alidhani ni jina la mtu.

Kitambaa cheusi cha Kinondo

Siku ya tatu walivuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Upande wa Kenya barabara inafuata pwani, minazi kulia na kushoto. Karibu na Diani walisimama katika msitu wa Kaya Kinondo.

Kaya ni misitu ambayo Wamijikenda waliishi ndani yake zamani na sasa wanaitunza kama mahali patakatifu. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu hii katika orodha ya urithi wa dunia. Kinondo ni ya Wadigo, na ni mojawapo ya kaya zinazopokea wageni, kwa kuongozwa na wenyeji wenyewe. Kabla ya kuingia kila mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni. Hakuna kelele, na hutoki na kitu, hata jani lililoanguka.

Msitu wenyewe si mkubwa, lakini ukiingia joto la nje linakatika kama mtu amefunga dirisha. Baba, aliyekuwa na maneno machache tangu Tanga, aliyaona matambara na nguo nyeusi, mizizi iliyopanda juu ya mawe ya matumbawe, mwongozaji anayenong'ona. Alipotoka alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini mama yake alichukua kikapu.

Mombasa: mahekalu matatu kwa siku moja

Siku ya nne walivuka kwa feri ya Likoni, jambo ambalo kwa yule mdogo lilikuwa kubwa kuliko mapango na mbega kwa pamoja.

Mombasa na India ni jirani wa zamani sana. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Gujarat, na wa kusi ukayarudisha. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwaka 1498, watu wake waliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi Malindi. Waliwadhania ni Wakristo, na mwandishi wa safari ile akaandika kwamba watu hawa hawali nyama ya ng'ombe. Karne nne baadaye, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua takriban 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliopona walirudi kwao. Kama 6,700 walibaki. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo.

Hekalu la kwanza lilikuwa la Shiva, Barabara ya Mwinyi Ab, pembezoni mwa Mji wa Kale. Ni mahali penye hewa, na nje kuna bustani yenye sanamu. Katika mahekalu ya Shiva hukaa Nandi, fahali wa jiwe, akimtazama bwana wake bila kupepesa. Hapo watoto walielewa kwa nini Wahindu humheshimu ng'ombe. Bibi alionyeshwa mmea ambao Wahindu wengi huupanda nyumbani na kuuheshimu, tulsi. Alisugua jani, akanusa, akasema, "Huu si mrehani?" Hakukosea sana. Ni ndugu wa mrehani uleule ambao kina mama wa pwani huutia kwenye vikuba.

La pili, Barabara ya Langoni, si la Wahindu. Ni la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale kutoka India, lililojengwa mwaka 1963. Ni jeupe kutoka chini hadi juu, limechongwa kama kitambaa cha kufuma. Msingi wa Wajaini ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai. Hawali nyama, samaki wala mayai, na wengi wao hawali hata viazi, vitunguu na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na wadudu walio udongoni.

"Hawali chipsi?" aliuliza yule wa miaka 10. Hakuna dini iliyowahi kumtia huruma kiasi kile.

Jioni walikwenda Barabara ya Haile Selassie, kwenye hekalu la Swaminarayan, lenye rangi nyingi na milango iliyochongwa. Swaminarayan alizaliwa kaskazini mwa India mwaka 1781 na mafundisho yake yalienea sana Gujarat, ndiyo maana wafuasi wake ni wengi Afrika Mashariki. Wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Bibi alipoona hivyo alijisikia nyumbani. "Kama sisi," alimnong'oneza binti.

Tofauti na Tanga, hapa palikuwa na watoto, vijana wenye sare za shule, kina mama na bibi zao. Bibi wa Masuguru alikaa kwenye mkeka wa wanawake, akatazama uso mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wa umri wake. Hakumwona aliyemtafuta, na hakuuliza. Binti wa miaka 13, ambaye kwa siku nne alikuwa nusu safarini na nusu kwenye simu, alisogea akamshika mkono. Hakuuliza kitu naye.

Asubuhi ya kurudi, bibi aliomba gari lisimame karibu na Mtaa wa Biashara. Alirudi na bangili za kioo, nyekundu na kijani, zimefungwa kwenye gazeti. Moja alivaa mwenyewe. Nyingine alimvisha binti, akamwambia habari za baraza la Korogwe tangu mwanzo, kutoka Likoni mpaka mpakani.

Mzazi, ukitaka kufanya safari kama hii

Anza na ulichonacho karibu. Si lazima ufike Mombasa. Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na miji mingine ina mahekalu ya Wahindu. Uliza saa za kufunguliwa; asubuhi na jioni ndizo saa nzuri.

Ukivuka mpaka, uliza mapema ofisi ya Uhamiaji kuhusu hati za kusafiria, na usisahau kwamba mtoto naye anahitaji ya kwake. Gari nalo lina karatasi zake na bima.

Mavazi yafunike mabega na magoti. Viatu hubaki nje. Soksi safi zinasaidia sakafu ikiwa ya moto au baridi. Baadhi ya mahekalu hukataza mikanda na mikoba ya ngozi. Usiingie na nyama, mayai wala pombe.

Ukiwa na binti aliyekwishavunja ungo, mweleze faraghani kabla ya safari kwamba baadhi ya mahekalu huomba mwanamke aliye hedhini asiingie. Asikutane na tangazo hilo mlangoni mbele ya kaka zake.

Zungumzeni kuhusu kitamu cha baraka kabla hamjafika, kila familia kwa imani yake. Anayepokea apokee kwa mkono wa kulia. Asiyepokea aweke mkono kifuani na kushukuru. Wenyeji wamezoea.

Usimlazimishe mtoto kuingia, wala usimjibu usichokijua. Mwambie akamuulize mwenyeji, kwa adabu. Mara nyingi mwenyeji amekaa akisubiri kuulizwa.

Kikapu kilirudi

Noah iliingia Masuguru usiku, watoto wote wamelala. Baba aliwabeba mmoja mmoja. Kikapu kilibaki cha mwisho, na ndani yake kiatu kimoja kidogo cha kulia, cha yule wa miaka sita. Cha kushoto kilikuwa kimebaki Mombasa, mlangoni mwa hekalu.

Asubuhi yule wa miaka 10 alipoambiwa, alikaa akafikiri, kisha akamwambia bibi yake kwamba sasa ni zamu ya mabaniani kupata kiatu cha dawa. Bibi alicheka mpaka bangili ikalia mkononi.